Mfalme Asiye na Masikio

Ukitaka kuucheza mchezo huu, tafuta kwanza watu watatu au wanne wenye muda wa kupoteza. Hata wawili wanaweza, lakini wawili wakicheza huishia kutazamana sana, na hilo mimi simtakii mtu. Kila mchezaji hupewa karata saba. Zinazobaki huwekwa katikati zikiwa zimefunikwa, na moja hufunuliwa pembeni yake. Ikifika zamu yako unatupa karata inayolingana na ile ya juu, ama kwa rangi ama kwa namba. Kama huna, unaokota. Anayemaliza za mkononi kabla ya wenzake ndiye mshindi, na hapo watu humpigia makofi kwa sababu hakubakiwa na kitu. Nimeishi miaka mingi na sijaona kwingine ambako mtu anapigiwa makofi kwa hilo. Sheria nyingine nitazieleza zikifika mahali pake.

Nataka ijulikane mapema kwamba mchezo haukuwa wangu. Ulikuwa wa mdogo wangu, msichana kama mimi. Mimi niliufundisha kwa watoto wa mtaa mzima, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na mdomo, watu wakadhani ni mimi niliyeutunga. Sikuwasahihisha. Mdogo wangu naye hakuwasahihisha, kwa sababu kumsahihisha mtu kulikuwa kazi kubwa kwake. Alikuwa na kigugumizi, na si kile cha kukwama mara moja moja. Neno lilimshika kooni mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na watu waliokuwa wakimsikiliza wakaanza kutazama viatu vyao.

Papa wetu alikuwa karani mahakamani, hapo hapo Bukavu, na nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya soko la Nyawera. Nchi ilipobadilishwa jina ikawa Zaïre, makaratasi yote yenye jina la zamani yaligeuka takataka. Papa hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alileta nyumbani mafurushi ya majalada ya kesi, yale magumu tuliyoyaita farde, akasema karatasi nzuri ya Wazungu haichomwi. Nilikuwa na miaka kumi, mdogo wangu tisa. Aliyakata majalada kwa mkasi wa Maman wa kushonea, akapigwa kwa kuuharibu mkasi, akaendelea kukata.

Alizichora karata zote peke yake. Zilikuwa na rangi nne: bluu na nyekundu kutoka kwenye wino wa ofisini kwa Papa, nyeusi ya makaa, na kijani alichokamua kwenye majani ya maharage. Kile kijani baada ya mwezi kiligeuka kahawia, nasi tukaendelea kukiita kijani. Kila rangi ilikuwa na namba kuanzia moja hadi nane, halafu viumbe. Zimwi lilikuwa na tumbo lenye mlango, na likitupwa, anayefuata anaokota mbili. Nyoka wa vichwa saba alirudisha mchezo nyuma, waliokuwa wa mwisho wakawa wa kwanza. Binti wa Ziwa alibadilisha rangi upendavyo, kwa maana ziwa letu lenyewe halikai na rangi moja toka asubuhi hadi jioni. Nimeona karata za dukani za Wazungu, zenye malkia na masultani wanaofanana uso. Hazifiki hata nusu ya zile.

Sheria ya neno ndiyo niliyoileta mimi. Niliiokota kwa wavulana wa jirani waliokuwa wakicheza karata za kawaida: ukibakiwa na karata moja lazima useme "karta" kabla mwenzako hajatupa yake, la sivyo unaokota tatu. Niliiona sheria nzuri sana, yenye moto. Nilipoitangaza nyumbani, mdogo wangu alinitazama tu. Siku ile alishindwa mara nne, kila mara akiwa na karata moja mkononi na neno moja kooni. Mimi nilicheka na wenzangu, kwa sababu ilichekesha.

Hakubishana. Baada ya wiki moja alikuja na karata nne mpya, moja kwa kila rangi. Alikuwa amechora mfalme mnene, mwenye fimbo na kofia, na pande zote mbili za kichwa palikuwa laini kama yai. Alikuwa Mfalme asiye na masikio. Aliandika sheria yake kwenye kipande cha karatasi, kwa mwandiko wake ulionyooka kuliko wangu, akanipa niwasomee wenzetu. Mfalme akitupwa, wote wanyamaze mpaka zamu imrudie aliyemtupa. Atakayesema, aokote moja. Na mtu akibakiwa na karata moja wakati wa Mfalme, asiseme kitu, agonge meza mara mbili.

Watoto waliipenda kupita zote. Kumkalisha kimya mtoto wa Nyawera si kazi ndogo, na sisi tulikaa tukiwa tumevimba mashavu, mtu akikanyagwa mguu makusudi ili apige kelele. Polepole, bila mtu kuamua, ikawa mdogo wangu anagonga hata kama Mfalme hayupo mezani. Kidole cha katikati, mara mbili, ko ko. Papa akicheza nasi Jumapili alisikia ule mlio, akasema haya, huyu amebakiwa na moja. Maman alikubali, wavulana wa jirani walikubali, nami nilikubali. Haikuandikwa popote. Mambo mengi ya nyumbani hayaandikwi, na ndiyo maana ni rahisi kuyakana.

Kisha Mfalme akaondoka. Jumapili moja alikuja kutusalimia mzee mmoja wa mtaani tuliyemwita tonton, yaani mjomba, mtu wa chama cha Rais, mwenye suti ya abakosti iliyopigwa pasi mpaka inang'aa. Alikaa akacheza nasi. Mdogo wangu alipomtupa Mfalme, tonton alimchukua mkononi, akaitazama ile kofia na ile fimbo, kama za Rais kwenye picha za ukutani, akauliza akicheka ni mfalme gani huyu asiyesikia watu wake. Papa akacheka pia, akasema ni mambo ya watoto. Walicheka wote wawili kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyostahili. Mgeni alipoaga, Papa aliwatafuta wafalme wote wanne katika furushi, akawatia kwenye mbabula chini ya sufuria ya maharage. Mdogo wangu alisimama akiwatazama wakiungua. Papa akamwambia achore kitu kingine, achore ndege. Hakuchora ndege.

Basi sheria ya kunyamaza ikatoka mchezoni. Kule kugonga kukabaki kama hisani tu.

Shuleni tulikuwa darasa moja, kwa sababu mimi nilirudia mwaka mmoja kwa uvivu wangu mwenyewe. Asubuhi tulipopangwa uwanjani kuimba na kucheza kwa kumsifu Rais, mdogo wangu aliimba bila kukwama hata silabi moja. Wimbo ulimfungua. Tukiingia darasani, mwalimu akamsimamisha asome kwa sauti, alifungika tena, na mwalimu akasema mtoto huyu ni mzito. Lakini kwenye karatasi hakuwa mzito. Tulipofanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, sote wawili tulifaulu, yeye akiwa juu yangu kwa mbali. Masista walikuwa tayari kutupokea sekondari. Nilikuwa nimetimiza miaka kumi na tatu, yeye kumi na miwili.

Likizo ile ile, babu yetu alifariki Kalehe. Koko, mama yake Papa, akabaki peke yake katika nyumba ya juu mlimani, mbali na barabara, masikio yake yakiwa yameshaanza kumwacha. Kwetu mwanamke mzee haachwi alale peke yake. Hupewa mjukuu. Mjukuu huyo humchotea maji, humwashia moto, humsaidia shambani, na hakai mwezi mmoja wala miwili. Hukaa mpaka mzee aondoke. Ni desturi nzuri ukiisikia ikisimuliwa na mtu ambaye hakuwa mjukuu. Kule alikoishi Koko hapakuwa na sekondari ambayo msichana angeweza kuifikia kwa miguu, kwa hiyo atakayekwenda alikuwa anaiaga shule, na sote tulilijua hilo.

Wavulana wa nyumba yetu walikuwa bado wadogo. Ilibaki mimi au yeye. Maman alisema aende mkubwa, ana nguvu za jembe na ana mdomo wa kujitetea mbele ya ndugu wa Papa. Papa alisema aende mdogo. Alisema shule ya sekondari ni mdomo, huyu atateseka bure, kisha akasema maneno ambayo nadhani aliyaona ya busara: Koko hasikii na huyu hasemi, watafaana. Mdogo wangu alikuwa amekaa hapo hapo akimenya viazi. Alikuwa na kigugumizi, hakuwa kiziwi.

Walibishana siku tatu. Usiku nililala nikiomba Mungu, na nitasema nilichoomba: niliomba aende yeye. Sikuomba apate nafuu, sikuomba Koko apone masikio. Tulikuwa tunalala kitanda kimoja, mgongo wake ukigusa wangu, nami naomba hivyo.

Siku ya nne, tukiwa mezani, yeye mwenyewe alifungua mdomo. Ilichukua muda. Wote tuliacha kutafuna.

"Tu... tu... tucheze karta," alisema. "Mwenye ata... atashinda, abakie."

Papa alilipenda wazo lile papo hapo, na mimi nilijua kwa nini. Lilimtoa yeye kwenye lawama. Mahakamani aliona kila siku watu wakichagua na kujuta, na hapa karata zingechagua badala yake. Maman aliweka kijiko chini.

"Mutoto haiko karta ya kutupa," alisema.

Papa akamjibu kwamba watoto wenyewe ndio wameomba. Na mdogo wangu aliinamia sahani yake akila taratibu kama mtu aliyekwisha kutulia. Alikuwa na sababu. Katika mchezo ule alinishinda mara nyingi kuliko nilivyomshinda. Aliujua kama unavyojua njia ya kwenda chooni gizani, kwa sababu ulitoka kichwani mwake. Palikuwa mahali pamoja tu duniani ambapo mdomo wangu haukunisaidia kitu, naye ndipo alipoamua kunisubiri.

Tulicheza Jumapili baada ya misa. Meza ilifutwa. Papa aligawa karata akiwa amevaa miwani yake ya kazini, eti yeye ndiye mwamuzi. Maman alikaa mlangoni na ungo wa maharage, akituonyesha mgongo. Karata zilikuwa zimechakaa, zimekuwa laini kwa jasho la mikono yetu, na nyuma ya baadhi yake bado ungeweza kusoma majina ya watu waliokwisha hukumiwa.

Sitaeleza kila karata. Alicheza vizuri, bila haraka. Nilipobakiwa na tano, yeye alikuwa na tatu. Akatupa Zimwi jekundu, nikaokota mbili, nikawa na saba. Akabakiwa na mbili. Zamu yangu nikatupa Nyoka mwekundu, ambaye kwa watu wawili hana maana yoyote, nami nilijua hana maana, lakini mkono ulihitaji kufanya kitu. Akatupa nne nyekundu. Akabakiwa na moja. Akakunja kidole chake cha katikati, akagonga meza. Ko ko.

Papa hata hakuinua kichwa. Aliuzoea mlio ule miaka mitatu.

Mimi niliiona nyumba ya Koko. Niliuona ule mlima na mtungi, na maisha yote ya kupiga kelele kwenye sikio la mzee. Nikasema, "Yeye hajasema."

Papa aliuliza nini. Nikamwambia, kwa sauti niliyojifunza shuleni ya kujibu kama mwanafunzi mwema, kwamba amepiga meza tu. Sheria ni kusema neno. Kupiga meza kulikuwa sheria ya Mfalme, na Mfalme alikwisha chomwa.

Mkono wa Maman ulisimama kwenye ungo. Hakugeuka. Mdogo wangu alinitazama, na nataka niseme alivyonitazama: hakukasirika. Alishangaa. Alikuwa na uso wa mtu aliyejikwaa kwenye ngazi ya nyumbani kwake. Kisha akajaribu. Akafungua mdomo, shingo ikasimama, na ile herufi ya kwanza ikaanza kugonga kooni, k, k, k. Nilijua urefu wa maneno yake kuliko mtu yeyote. Nilijua kwamba neno lile lilihitaji muda wa kuhesabu mpaka kumi, labda kumi na mbili, halafu lingetoka. Nilihesabu mpaka sita, nikatupa karata yangu. Nne ya bluu. Nikaiweka mezani taratibu, uso juu, ili ionekane kwamba nimeshatupa na muda wa kusema umepita.

Papa aliitazama ile karata. Akamtazama yeye, ambaye bado alikuwa amekwama kwenye neno. Angeweza kusema jambo lolote. Angeweza kusema kwamba amekubali ule mlio mara mia katika nyumba hii. Lakini mimi nilikuwa nimempa kile alichokitaka tangu siku ya kwanza, tena kikiwa kimefungwa vizuri kwa kamba ya sheria.

"Sheria ni sheria," alisema. "Ubebe trois."

Mdogo wangu aliokota tatu. Baada ya hapo hakucheza tena, alitupa tu chochote kilicholingana, na mara mbili nilimwona akiokota ilhali alikuwa na karata ya kutupa. Mimi nilifika kwenye moja nikasema "karta" kwa sauti kubwa, safi. Nikamaliza. Hakuna aliyepiga makofi. Maman aliinuka na ungo wake akaenda jikoni, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anapika, kwa sababu sikumfuata.

Mdogo wangu aliondoka Alhamisi, kwa lori la mfanyabiashara aliyekuwa akipeleka chumvi na sabuni upande wa Kalehe. Papa alimkabidhi kwa dereva kama barua. Nilimbebea furushi mpaka stendi ya Nyawera, nikamwambia nitamwandikia kila juma, na kwamba miaka hupita haraka. Nilisema mengi, mimi na mdomo wangu. Alipanda, akakaa juu ya magunia, akashika kamba.

Niliporudi nyumbani nilizitafuta karata. Hazikuwepo. Alikuwa amezichukua zote, na nakumbuka vizuri kwamba nilikasirika. Nilimwambia Maman kwamba ameiba. Maman alinipiga kofi moja, la kwanza na la mwisho maishani mwangu kutoka kwake, akaendelea kufagia.

Nilisoma kwa masista miaka sita. Nikawa mwalimu, kazi ya watu wa mdomo. Ndugu zangu wa kiume walikua, mmoja baada ya mwingine wakaenda shule, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa habari za Koko. Niliandika barua, si kila juma kama nilivyoahidi. Majibu yalikuja kwa madereva, yakiwa yameandikiwa Papa na Maman, kwa mwandiko ule ule ulionyooka, na mwisho kabisa mstari mmoja: musalimie na yaya. Yaya ndiye mimi, mkubwa wake. Sikuwahi kupata mstari wa pili. Koko, ambaye wote walidhani amebakiwa na mwaka mmoja, aliishi kumi na miwili. Papa alianza kutania kwamba Mungu amemsahau mama yake. Nilicheka, kwa sababu mtu akitania huchekewa. Koko alipofariki, mdogo wangu alikuwa mke wa fundi mwashi wa huko na mama wa watoto watatu. Alikuwa na kwao kwingine, na huko kwao sisi hatukuwemo.

Papa alipokufa, mdogo wangu alikuja. Alikaa na wanawake jikoni siku tatu akipika. Mimi nililia mbele ya watu nikasifiwa jinsi ninavyompenda baba yangu. Tulizungumza mara moja, kuhusu kuni, kwamba zimelowa. Alijibu kwa kutikisa kichwa. Maman alipoona hivyo, jioni aliniita pembeni akaniambia niende Kalehe kabla na yeye hajafa. Hakusema niende kufanya nini.

Nikaenda. Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita tangu ile Jumapili. Nilikwenda kuomba msamaha, na kama mwalimu mwema niliandaa somo langu. Njia nzima nilifanya mazoezi kimoyomoyo, lori likiruka mashimo. Tulipopita Kavumu nilikuwa na maneno ya mwanzo. Tulipofika njia panda ya Lwiro nilikuwa na yote, mpaka mahali pa kunyamaza kidogo na mahali pa kumshika mkono. Nilipanga hata yeye atakavyojibu. Naona aibu kuliko yote kwa hilo la mwisho.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali, safi, na ukutani alikuwa amechora ndege na samaki kwa chokaa. Watoto wakawa wanne. Alinipokea vizuri, akanipa kiti kizuri, akanipikia bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwa letu. Mumewe alikuwa kazini. Kila nilipotaka kuanza, mtoto aliingia, au sufuria ilichemka. Kisha mvua ikanyesha, watoto wakajazana ndani, na yule binti mkubwa, wa miaka kama kumi, akaleta karata.

Nilizitambua kabla hazijafunguliwa. Hazikuwa zile zile. Hizi zilikatwa kwenye mifuko ya saruji ya baba yao, karatasi juu ya karatasi zikagandishwa kwa uji. Lakini Zimwi lilikuwa na mlango wake tumboni, na Nyoka alikuwa na vichwa vyake saba, na Binti wa Ziwa alikuwa amezeeka kidogo. Watoto waliniuliza kama najua. Nikasema najua sana. Nikasema huu mchezo nilikuwa nawafundisha watu Bukavu nzima kabla wao hawajazaliwa. Mdogo wangu alikuwa akigawa. Hakuinua macho.

Tulicheza juu ya mkeka, sisi wawili na watoto wawili wakubwa. Niliona haraka kwamba watoto hawasemi. Nilidhani ni adabu kwa mgeni. Nilimtafuta Mfalme nikamngoja atupwe, hakutokea. Mchezo ulikwenda kimya, mabega tu yakicheka, mvua ikipiga bati. Nilikuwa na bahati siku hiyo. Nikafika kwenye mbili, nikatupa moja, nikabakiwa na karata moja ya kijani, kijani cha rangi ya dukani kisichogeuka.

"Karta," nikasema.

Watoto wote wawili waliniangalia. Yule binti mkubwa akaweka mkono mdomoni, halafu akakumbuka kwamba mgeni lazima aelezwe.

"Huku hatusemaka, maman mukubwa," alisema kwa upole. "Tunapigaka chini. Mwenye anasema, anabeba trois."

Nilicheka. Nikasema mimi ni mgeni, hakuna aliyeniambia. Ilikuwa kweli, hakuna aliyeniambia. Nikasema kwetu tulikuwa tunasema. Nilisikia sauti yangu ikipanda kidogo, sauti ya darasani, na nikageuka kumtazama mdogo wangu, kwa kuwa neno moja lake lingetosha. Angeweza kumwambia mtoto amwache yaya. Mkuki kwa nguruwe, husema watu, na mimi nilikuwa nimekaa pale mkekani nikiusikia ukiingia kwa binadamu.

Hakuwa na hasira. Hasira ningejua la kuifanyia. Alikunja kidole chake cha katikati, akagonga sakafu mara mbili kando ya lile rundo la kuokota, kisha akalisukuma kwangu.

Nikaokota tatu. Kisha nikaokota nyingine, na nyingine, kwa sababu mkono wangu uliharibika. Alimaliza yeye. Watoto walimpigia makofi, nami nikabaki na tisa mkononi, sijui niziweke wapi.

Mvua ilipokatika alinisindikiza mpaka barabarani. Tulitembea taratibu kwa sababu ya matope, yeye mbele. Lori lilikuwa limesimama, dereva akifunga magunia, na tukabaki wawili tu. Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Somo langu lote nilikuwa nalo, tangu Kavumu mpaka Lwiro, kila neno na mahali pake. Halikutoka hata neno la kwanza. Koo lilifunga. Nilisimama nimefungua mdomo kama mjinga, na nikajua jinsi shingo yangu inavyoonekana.

Yeye hakutazama viatu vyake. Hakutazama lori. Alinitazama usoni, akasubiri, kwa uvumilivu wa mtu anayejua maneno yanavyokwama na kwamba yakisubiriwa hutoka. Alisubiri mpaka kumi, akapita kumi na mbili. Alinisubiri kuliko Papa alivyomsubiri yeye, na kuliko mimi nilivyomsubiri. Dereva akapiga honi mara mbili, nikapanda.